Sistatini C yangu ni mbovu, au nimepima kitu kingine?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika biokemia. Maabara yetu ilinunua kichupa cha mikrogramu 100 za sistatini C ya binadamu, protini inayozuia vimeng'enya vinavyokata protini; yetu ni rikombinanti, iliyotengenezwa ndani ya bakteria Escherichia coli, ikiwa na mkia wa histidini wa kuisafishia. Karatasi ya bidhaa inasema usafi wake unazidi asilimia 95 na IC50 yake, yaani ukolezi wa kizuizi unaopunguza kazi ya kimeng'enya hadi nusu, dhidi ya kathepsini B, kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, ni chini ya nanomola 2. Mimi niliipima kwa papaini, kimeng'enya kingine cha namna hiyo. Nilipoweka papaini nanomola 2 nilipata IC50 ya nanomola 0.8, nilipoweka 4 ikawa 1.6, nilipoweka 8 ikawa 3.3. Msimamizi wangu anasema IC50 ya kizuizi kizuri haitakiwi kuhamahama namna hii. Je, bidhaa ni mbovu? Na kwa kuwa baadaye nataka kuitumia kwenye makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, je, iliyotengenezwa katika seli za binadamu ingenifaa zaidi?

Jibu: Marahaba. Namba zako tatu nilizitazama kabla sijamaliza kusoma swali, na jibu la kwanza limo ndani yake: hakuna ubovu wowote ulioonyeshwa hapo. Ulichokipima si nguvu ya sistatini C, bali ni wingi wa papaini uliyoitia kisimani, yaani kwenye kishimo cha sahani ya kupimia. Gawanya kila IC50 kwa papaini yake, yaani 0.8 kwa 2, 1.6 kwa 4 na 3.3 kwa 8, na kila mara utapata 0.4 au karibu yake sana. Namba inayopanda sambamba na kimeng'enya ni habari ya kimeng'enya.

Msimamizi wako hakukosea kanuni, ila kanuni yenyewe ina mpaka wake. Tunaposema kwamba IC50 haitegemei kiasi cha kimeng'enya, tunachukulia kwamba molekuli za kizuizi ni nyingi mno kuliko za kimeng'enya, kiasi kwamba zile zinazoshikwa hazipunguzi zilizobaki huru. Kwa kizuizi kidogo cha kemikali kinachofanya kazi katika mikromola, huku kimeng'enya kikiwa nanomola moja, hilo ni kweli na hakuna anayedhurika kwa kulichukulia hivyo. Sistatini C haimo katika ulimwengu huo. Inaishika papaini kwa kipimo cha kuachana (Ki; kikiwa kidogo, mshiko ni mkali) cha takriban femtomola 11, ambacho ni karibu mara 90,000 chini ya nanomola moja. Kwa hiyo kila molekuli nzima ya kizuizi inayoingia kisimani hukamata molekuli moja ya papaini na kubaki nayo, na kazi hufika nusu pale tu nusu ya papaini inapokuwa imekwisha kukamatwa.

Ukitaka kuiona kwa hesabu, andika IC50 = Ki(1 + S/Km) + E/2, ambapo E ni kimeng'enya hai, S ni sabstreti, yaani kile kinachokatwa na kimeng'enya, na Km ni ile uliyoizoea, ukolezi wa sabstreti unaokipa kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu. Kwa kizuizi dhaifu sehemu ya kwanza humeza ya pili, ndiyo maana vitabu vingi vya mwaka wa kwanza haviitaji kabisa hiyo E/2. Kwa sistatini C na papaini mambo hugeuka: sehemu ya kwanza ni ndogo mno, inatoweka ndani ya kosa la pipeti, na kinachobaki mkononi ni nusu ya kimeng'enya. Hata ungerudia jaribio mara 100 kwa pipeti bora zaidi duniani, Ki ya papaini isingeonekana kwa njia hiyo.

Inafaa kujua kwa nini mshiko huu ni mkali hivyo, kwa sababu mahali mshiko unapotoka ndipo pia protini rikombinanti huharibikia. Sistatini C iliyokomaa ina asidi amino 120 na uzito wa takriban daltoni 13,343. Ilionekana katika maji ya uti wa mgongo mwaka 1961, mfuatano wake ukatolewa na Grubb na Löfberg mwaka 1982, na ni mwaka 1984 tu ilipofahamika kwamba kazi yake ni kuzuia proteasi za sisteini, yaani vimeng'enya vinavyokata protini kwa kutumia asidi amino ya sisteini. Kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa protini yenye jina bila kazi. Umbo lake huwa na ncha kama ya kabari yenye sehemu tatu: mwanzo wa mnyororo, hasa leusini ya 9, valini ya 10 na glisini ya 11, kisha kipinda cha kwanza chenye mfuatano QIVAG (kila herufi ni asidi amino moja), nafasi ya 55 hadi 59, kisha kipinda cha pili chenye prolini ya 105 na triptofani ya 106. Kabari hiyo huzama katika mfereji wa kimeng'enya na kuziba mlango wa sabstreti, bila kuunda kifungo chochote cha kudumu cha kikemia. Hata hivyo, kwa papaini, kuachana kwao huchukua zaidi ya mwezi. Katika jaribio lako la saa moja, waliokamatana hawaachani.

Sasa rudi kwenye ile 0.4, kwa sababu hapo ndipo pana jambo. Kama papaini yako yote ingekuwa hai na sistatini yako yote ingekuwa hai, uwiano ungekuwa 0.5 kamili. Wewe umepata 0.4, na jambo la haraka ni kudhani kwamba kizuizi kimezidi ubora kuliko nadharia, jambo ambalo haliwezekani, kwani molekuli moja haikamati mbili. Maelezo yaliyo sahihi ni kwamba papaini yako haifiki nanomola 2 ulizoandika kwenye daftari. Tuite sehemu hai ya papaini a, na sehemu hai ya sistatini b. Jaribio lako linasema a ikigawanywa kwa b ni 0.8, wala halisemi zaidi ya hapo. Inaweza kuwa a ni 0.8 na b ni 1, au a ni 0.4 na b ni 0.5, na grafu zote mbili zingefanana kabisa. Ubaya zaidi ni kwamba kama vyote viwili vingekuwa nusu hai, ungepata 0.5 safi, ungefurahi, na ungeandika kwenye tasnifu kwamba kila kitu ni kizima. Nimewahi kukubali matokeo ya namna hiyo katika ujana wangu wa maabara, na niligundua kosa miezi kadhaa baadaye tulipofungua papaini mpya na uwiano ukaruka.

Kwa hiyo unachohitaji si kichupa kipya bali kuhesabu, na kuhesabu huanza na papaini. Kifaa cha kazi hii ni E-64, molekuli ndogo inayojifunga moja kwa moja na bila kurudi kwenye sisteini ya 25 ya papaini, molekuli moja kwa molekuli moja, na haijishughulishi na papaini iliyokwisha kufa. Molekuli hiyo hupimwa kwa mizani kwa uhakika kuliko protini yoyote, ndiyo maana tunaiamini iwe msingi wa hesabu nzima. Amsha papaini kwa dakika 10 hadi 15 katika bafa ya fosfeti yenye pH kati ya 6.0 na 6.5, pamoja na EDTA, inayonasa metali, milimola 1 au 2, na DTT mpya, inayorudisha salfa iliyooksidika na kuvunja madaraja ya salfa, ya milimola 1 au 2. Usiache DTT iliyoyeyushwa wiki iliyopita ikuaibishe, hewa huimaliza. Wala usiizidishe mno, kwa kuwa sistatini C yenyewe inashikiliwa na madaraja mawili ya salfa, kati ya sisteini ya 73 na ya 83, na kati ya ile ya 97 na ya 117.

Panga neli kumi. Katika kila moja weka papaini ileile, tuseme mikromola 1 kwa hesabu ya mizani, kisha E-64 kuanzia sifuri hadi mikromola 1.2 kwa hatua sawa. Ziache dakika 30 katika halijoto ya chumba. Ndipo uchukue kidogo kutoka kila neli, ukizimue mara nyingi hadi papaini ifike nanomola chache, na upime kazi iliyobaki kwa sabstreti ya Z-Phe-Arg-AMC, ambayo ikikatwa huachia AMC yenye mng'ao wa bluu unaosomwa karibu na nanomita 460. Chora kazi iliyobaki dhidi ya E-64. Utaona mstari ulionyooka ukishuka, kisha ukijikunja kidogo karibu na chini. Usifuate mkunjo, weka rula kwenye sehemu iliyonyooka na uirefushe hadi ikate mstari wa chini. Hapo ndipo penye papaini hai. Ikiwa rula imekata kwenye mikromola 0.52, basi a yako ni 0.52, na usishtuke: papaini ya dukani mara nyingi huwa na sehemu ambayo salfa ya sisteini ya 25 imekwisha kuoksidika kiasi cha kutorudishwa na DTT.

Baada ya hapo, rudia mchezo uleule, ila badala ya E-64 weka sistatini C. Hapa kuna kosa moja ambalo nahisi umelifanya, kwa kuwa karibu kila anayeanza hulifanya, nalo ni kuchanganya katika nanomola moja au mbili na kusubiri dakika tano. Kasi ya sistatini C kukutana na papaini ni kama 11,000,000 kwa mola kwa sekunde. Namba hiyo ni kubwa, lakini izidishe kwa ukolezi wako. Vikiwa nanomola moja kila kimoja, nusu hukutana ndani ya dakika moja na nusu, asilimia 90 ndani ya karibu robo saa, na asilimia 99 baada ya zaidi ya saa mbili, kwa sababu wanaobaki mwishoni ni wachache na wanatafutana katika maji mengi. Uzifanye ziwe nanomola 500, asilimia 99 hukamatana ndani ya sekunde 20 hivi. Ndiyo maana tunachanganya katika ukolezi wa juu, kisha tunazimua ili kusoma. Kuzimua hakuharibu hesabu kwa papaini, kwa vile tumekwisha kuona kwamba hawaachani. Kwa kathepsini B ingeharibu, na nitalirudia hilo.

Tuseme umefanya hivyo na b imetoka 0.65. Namba hiyo inalingana na ile 0.8 yako, kwani 0.52 kwa 0.65 ni 0.8. Sasa ndipo swali lako la kwanza linapopata maana: ile asilimia 35 imekwenda wapi?

Anza na mizani kabla ya kulaumu protini. Kichupa kilichoandikwa mikrogramu 100 kimepimwa na mtengenezaji kwa njia yake, ama kwa rangi ya Bradford ama BCA, ambazo husawazishwa kwa albumini ya ng'ombe na huitikia protini ndogo tofauti na zile kubwa. Pima mwenyewe kwa nanomita 280. Sistatini C ina triptofani moja na tirosini nne, kwa hiyo unyonyaji wake wa mwanga ni kati ya 11,000 na 12,000 kwa mola kwa sentimita, mkia wa histidini hauongezi kitu, na mililita moja yenye mikrogramu 100 inapaswa kukupa karibu 0.08 tu katika njia ya sentimita moja. Ni namba ndogo inayotaka kifaa kizuri na bafa iliyo sawa kabisa upande wa pili. Kama karatasi inasema protini imewekewa albumini ya kuitunza, njia hii imefungwa, kwani utakuwa unaipima albumini. Kagua pia ugeuzaji wako wa gramu kuwa mola: mikrogramu 100 katika mililita moja ni mikromola 7.5 kwa protini tupu, ila kwa protini yenye mkia inayofika daltoni 14,500 ni 6.9. Tofauti hiyo peke yake ni asilimia 8.

Plastiki nayo hula. Sistatini C ina chaji chanya katika pH ya kawaida, kwani pI yake, yaani pH ambayo chaji yake huwa sifuri, iko karibu na 9.3, na katika nanomola chache inaweza kujibandika kwenye kuta za neli hadi kile unachokipipeti kisiwe kile ulichokiandika. Tia sabuni laini ya Brij-35 asilimia 0.01 katika bafa zote za kuzimulia, tumia neli zisizoshika protini, na usihifadhi kamwe michanganyiko iliyozimuliwa hadi kesho. Unga uliokaushwa uyeyushe ukiwa mzito, mikrogramu 100 kwa mililita au zaidi, baada ya kukizungusha kichupa kidogo kwenye sentrifuji ili unga ulioganda kwenye kifuniko ushuke. Ukiyeyuka, ugawe katika sehemu ndogo na uzigandishe kwenye nyuzi −80, kila moja itumike mara moja.

Ukishamaliza hayo na bado b iko chini, mshukiwa mkuu ni jozi. Sistatini C ina tabia ambayo wanasayansi wamekuja kuiheshimu: inapolegezwa kidogo, kwa joto, kwa pH ya chini au kwa kiasi cha guanidini, kemikali inayokunjua protini, molekuli mbili hufunguka na kila moja humkopesha mwenziwe kipande cha mwili wake, wakatoka jozi iliyosokotana. Umbo la jozi hiyo lilionyeshwa kwa eksirei mwaka 2001. Katika kubadilishana huko kipinda cha kwanza, kile chenye QIVAG, hunyooka na kutoweka, na kabari inakuwa haipo tena. Jozi haimzuii papaini. Tabia hiyohiyo, ikizidishwa na badiliko moja la leusini ya 68 kuwa glutamini, ndiyo chanzo cha ugonjwa wa kurithi wa Iceland unaosababisha kuvuja damu katika ubongo wa vijana. Kwenye kichupa chako haihitaji badiliko lolote. Inatosha protini iwe imekunjwa upya kwa pupa baada ya kutolewa kwenye bakteria, au mtu awe ameiacha mezani ikapata joto akiwa ameiyeyusha katika asidi.

Hapa sasa naomba uiangalie tena ile karatasi ya bidhaa, pale palipoandikwa usafi zaidi ya asilimia 95. Usafi huo umesomwa kwenye jeli ya SDS, sabuni kali inayokunjua protini ili zipangwe kwa ukubwa. Jozi hii haikuunganishwa kwa kifungo cha kikemia, kwa hiyo SDS na joto la kuchemshia huiachanisha, na kwenye jeli inashuka kama mstari mmoja mwembamba, safi, wa kilodaltoni 13, sawasawa na protini nzima. Kichupa kinaweza kuwa safi kwa asilimia 99 na nusu yake ikawa haifanyi kazi, na jeli isiseme lolote. Kinachoitofautisha ni safu inayochambua kwa ukubwa, bila SDS: protini moja hutoka kama kilodaltoni 13 na jozi kama 27, vilima viwili vinavyoonekana kwa macho. Kama huna safu, kuna hila: legumaini, proteasi nyingine ya sisteini, hushikwa na sistatini C kwa upande mwingine kabisa wa mwili wake, karibu na asparajini ya 39, na jozi bado huizuia. Sistatini inayozuia legumaini vizuri na papaini vibaya inakuambia yenyewe ni nini kimetokea.

Mshukiwa wa pili ni mwanzo wa mnyororo. Zile asidi amino 10 za mwanzo zinaning'inia bila umbo la kudumu, na proteasi yoyote iliyopenya katika usafishaji huzikata kwa urahisi. Elastasi ya neutrofili, kwa mfano, hukata baada ya valini ya 10. Kinachobaki kimepoteza mguu mmoja wa kabari, na mshiko wake kwa kathepsini B na L hupungua mara mia kadhaa au zaidi. Kwenye jeli upungufu huo wa daltoni 1,019 unaweza kupita bila kuonekana, lakini spektrometa ya masi huuona kwa dakika moja. Itazame pia kwa ajili ya mkia wako: kama histidini zimewekwa mwanzoni, ziko jirani kabisa na mahali pa kazi. Mimi huchagua mkia wa mwishoni, au wa mwanzoni ulio na mahali pa kuukatia, na sijutii gharama ya ziada. Nyongeza ya daltoni 131 isikutishe; ni methionini ya kuanzia ambayo bakteria haikuiondoa.

Jambo moja linalosahaulika kwa sababu liko upande wa pili wa jaribio ni papaini yenyewe. Papaini hutoka katika utomvu wa papai, na utomvu huo una proteasi nyingine kadhaa za ukoo uleule. Moja kati yao, inayokata baada ya glisini, haizuiwi na sistatini. Badala yake huikata sistatini kwenye ile glisini ya 11 na kuikata mguu. Ukitumia papaini isiyosafishwa vizuri, kizuizi chako kitaonekana kuzeeka mbele ya macho yako: dakika 10 kinafanya kazi, saa moja kimechoka. Ukiona kazi ya papaini inarudi kadiri muda unavyokwenda, nunua papaini iliyosafishwa mara mbili kabla hujagusa kitu kingine.

Sasa Ki. Tasnifu yako bila shaka itataka namba inayoeleza nguvu, na papaini haitakupa. Tumia kathepsini B, ambayo ina kitanzi kinachofunika nusu ya mfereji wake na ambacho sistatini lazima ikisukume pembeni kwanza. Gharama hiyo huudhoofisha mshiko hadi Ki ya takriban nanomola 0.25, kiwango kinachopimika. Ukiwa na kathepsini B hai ya nanomola 0.05 na sabstreti iliyo chini sana ya Km, IC50 itatoka karibu 0.28. Ukiweka nanomola 2 za kimeng'enya hichohicho, itatoka 1.25. Sasa unaona kwa nini maneno ya karatasi yako, chini ya nanomola 2, hayakuahidi kitu kikubwa: bila kusema kimeng'enya kilikuwa kiasi gani, yanaweza kuwa yanahusu kimeng'enya tu. Na kulinganisha namba hiyo na ya papaini, kama ulivyofanya, ni kulinganisha vitu ambavyo havikutani.

Kwa kathepsini B usitumie fomula ya nusu peke yake. Chora mkunjo mzima wa kazi dhidi ya kizuizi na uupitishe katika mlinganyo wa Morrison, ambao unahesabu kizuizi kilichokwisha kushikwa, ukiuwekea E uliyoipata kwa E-64 na ukolezi wa sistatini uliokwisha kuzidishwa kwa b. Hapo ndipo kazi yote ya kuhesabu inapolipa. Ukiuingizia ukolezi wa kwenye lebo, mlinganyo hautalalamika. Utakupa Ki nzuri yenye desimali tatu, iliyozidi ile ya kweli kwa nusu nzima au zaidi. Na kwa kuwa wawili hawa huachiana ukizimua, changanya na usome katika ukolezi uleule, na uwape muda hadi mstari wa kazi unyooke.

Kuhusu swali lako la pili, la seli za binadamu, jibu langu kwa sistatini C ni hapana, kwa sehemu kubwa. Kuna vizuizi ambavyo hoja yako ingekuwa ya haki kabisa kwao. Alfa-1-antitripsini, kwa mfano, ina minyororo mitatu ya sukari ambayo bakteria haziwezi kuiweka, na bila sukari hizo inazuia elastasi vizuri kwenye neli lakini hutoweka haraka ndani ya damu. Sistatini C ya mwilini haina sukari. Inachohitaji ni madaraja yake mawili ya salfa na umbo sahihi, na bakteria wakielekezwa kuitoa hadi kwenye nafasi iliyo kati ya tando zao mbili huikunja vizuri. Njia hiyo imetumika tangu miaka ya 1980. Hata sampuli rejea ya kimataifa ya kusawazishia vipimo vya figo, ERM-DA471/IFCC, ina sistatini C rikombinanti ya bakteria iliyotiwa katika seramu ya binadamu. Niongeze tu kwamba kipimo cha kingamwili cha namna hiyo huhesabu protini iliyopo, iwe hai au isiwe hai, kwa hiyo ELISA, kipimo cha kingamwili, hata ikiwa nzuri haikuondolei kazi ya kupima b.

Tatizo la bakteria kwenye makrofaji si protini bali ni endotoksini, sumu ya ukuta wa bakteria. Makrofaji huamka kwa chembe ndogo sana za kitu hicho, nawe utaona saitokini, protini za kuashiria uvimbe, zikipanda na kuandika kwamba sistatini C inachochea uvimbe. Tafuta bidhaa iliyopimwa endotoksini, au ipime mwenyewe, kisha uzidishe kwa kiasi halisi utakachotia kwenye seli. Yuniti 1 kwa mikrogramu inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba unatia mikrogramu tano. Watu wengi hutegemea udhibiti wa kuchemsha: wanachemsha protini, wakiona seli bado zinaamka wanasema ni endotoksini. Kwa sistatini udhibiti huo una kasoro, maana ukoo huu wa protini unastahimili joto kuliko protini nyingi, na kuchemsha kwa muda mfupi kunaweza kukuachia sehemu iliyo hai pamoja na jozi zilizozaliwa papo hapo. Afadhali uivunje kwa kukata madaraja yake ya salfa na kuyaziba yasirudi, kisha uhakikishe kwa papaini kwamba kweli imekufa, ndipo uitie kwenye seli.

Kumbuka pia seramu. Asilimia 10 ya seramu ya ndama katika chakula cha seli huleta sistatini ya ng'ombe na kininojeni, na vyote huzuia kathepsini zilezile unazotaka kuzizuia. Kama jaribio linaruhusu, punguza seramu katika saa za jaribio. Kama haliruhusu, pima kazi ya kathepsini katika chakula chenyewe kabla ya kuongeza chochote.

Kwa hiyo, kabla ya kumwandikia muuzaji, fanya majaribio mawili: E-64 dhidi ya papaini, kisha papaini hiyo dhidi ya sistatini, katika siku moja na bafa moja. Ikiwa b imefika 0.6 au zaidi, itumie ukisahihisha kila ukolezi. Ikiwa iko chini ya 0.3 nawe umekwisha kukagua unyonyaji wa mwanga na plastiki, mpelekee grafu zote mbili na umwombe mchoro wa safu ya ukubwa na masi ya toleo lililoandikwa kwenye kichupa chako, si la toleo jingine.